Kura ya Njia Hatukupiga

Mwenyekiti alisema tunyooshe mikono.

Jua lilikuwa bado. Moto wa jana umebaki majivu, nasi tumejifunika shuka hadi masikioni, maana nyanda za Karamoja, huku kaskazini mashariki mwa Uganda, zikishakuchoma mchana kutwa hukutetemesha usiku kucha. "Wanaotaka twende Kobebe moja kwa moja, leo hii?" Mikono ikapanda mmoja mmoja. Nikaihesabu, wangu ukiwemo. Kumi na mmoja.

Na sisi tulikuwa kumi na mmoja.

Mwongozaji wetu hakunyoosha. Alikuwa amekalia ekicholong chake, kile kigoda ambacho usiku hukigeuza mto wa kulalia, akiwatazama punda. Lake alikuwa ameshalisema usiku: tupitie mtoni, tulale huko, Kobebe kesho. Alilisema mara moja, hakulirudia.

Mwenyekiti akamgeukia. "Umesikia, ndugu?"

"Nimesikia."

Akasimama, akakiokota kigoda, akaanza kufunga mizigo.

Tangu turudi nyumbani hiyo "nimesikia" imekuwa ikinijia nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa katikati ya maongezi na mtu mwingine kabisa. Mwanzoni nilidhani kinachonisumbua ni kura yetu. Baadaye nikadhani ni yeye. Sasa sina hakika tena, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

## Kila kundi na mwenyekiti wake

Waache Wauganda watatu chini ya mwembe, urudi baada ya nusu saa: mmoja atakuwa mwenyekiti, wa pili mweka hazina, na wa tatu analalamikia hesabu. Sisi tulikuwa na kamati kamili hata kabla hatujakubaliana tunakwenda wapi. Walimu, nesi mmoja, fundi wa magari, kijana wa kompyuta, wafanyabiashara wa mpakani. Wengi wa Mbale, Tororo na Busia. Kilichotuunganisha ni Kiswahili na hamu ya kutembea kwa miguu mahali pakavu, tulale nje, tuone kama bado miguu inajua kazi yake. Wenye ndoto kubwa walitaka Chalbi, huko Kenya, jangwa lenyewe hasa. Pesa ikasema Karamoja.

Najua, Karamoja si jangwa kamili. Mvua hunyesha, mtama huota, na masika yakikolea huwezi kuamini ni nchi ile ile. Nenda Januari, kisha uniambie kama nyayo zako zilitambua tofauti.

Njia tuliichora kuanzia Rupa, chini ya Mlima Moroto, kuelekea kaskazini kwenye nyanda za Wamatheniko, tawi la Wakaramojong, hadi bwawa la Kobebe, kwa kuzungukazunguka ili tupate kulala porini. Gari lingetungojea Kobebe. Majina yetu tuliyapeleka kwa LC, yaani viongozi wa serikali ya mtaa, na kwa jeshi, kwa sababu huko mtu hajiendei tu. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, kambi ya Moroto iliachwa bila mwenyewe na ghala lake la bunduki likabebwa, na kwa miaka mingi baada ya hapo aliyevuka nyanda hizi bila silaha alikuwa ama mwendawazimu ama padri. Serikali imezikusanya bunduki mara kadhaa: 2001, tena 2006, kisha kuanzia 2021 kwa operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote.

Jioni ya kwanza nilimwuliza mwongozaji Kiswahili chake alikipata wapi, maana alikuwa anakisema vizuri kuliko nusu ya watu wa Mbale. Akasema nusu kakipata kwa Waturkana, wanaovuka na mifugo yao kila kiangazi kutafuta malisho. Nusu nyingine kwa wanajeshi.

Kiswahili cha Waturkana kilikuwa cha kuulizana maji yako wapi.

"Na cha wanajeshi?"

Akacheka. "Lala chini. Leta bunduki. Umesikia?"

Nilicheka naye. Yale maneno ya mwisho sikuyaunganisha na asubuhi ya kura hadi nilipokuwa nyumbani, kitandani kwangu, feni ikizunguka.

## Lita moja ni kilo moja

Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna ujanja wa kuipunguza. Mtu anayetembea kutwa kwenye joto la namna ile anahitaji lita tano, na zikizidi hazimdhuru. Sisi kumi na mmoja, pamoja na mwongozaji na kijana wa punda, tunakuwa kumi na tatu: lita sitini na tano kwa siku, kabla hujabandika sufuria ya posho. Punda wawili, kila mmoja na jerikani mbili za lita ishirini, wanabeba themanini. Kuna chupa za mgongoni. Hesabu ilitosha, ili mradi kila jioni tulale penye maji, isipokuwa usiku mmoja ambao tulipanga kulala pakavu, kisha kesho yake tusukume hadi Kobebe.

Usiku huo huo jerikani moja ikapasuka kitako. Tulipogundua, mchanga ulikuwa umeshakunywa.

Hapo ndipo mwongozaji alipotoa neno lake la mtoni. Magharibi mwetu, mwendo wa asubuhi, palikuwa na mto wa mchanga ambako watu huchimba maji. Tungeyafikia kabla jua halijawa kali, tukalala hapo, tukafika Kobebe siku inayofuata.

Mwenyekiti alikuwa na hoja zake. Gari linalipwa kwa siku. Jumatatu walimu wanatakiwa darasani. Maji yaliyobaki, ukijumlisha na chupa, yalikuwa yanatosha kwa shida. Tukitoka mapema tutaila nusu ya safari kabla joto halijapanda. Nazitaja kwa sababu wanaosimulia visa kama hivi hupenda kumfanya mwenyekiti mpumbavu, na huyu hakuwa mpumbavu. Alikuwa na simu ya mwenye gari masikioni na daftari la michango mfukoni. Mimi mwenyewe alinishawishi, na leo mngenirudisha pale na hoja zile zile, sijui kama ningeuweka mkono wangu chini.

Wa mwisho kunyoosha alikuwa Mama.

Tulimwita hivyo kwa umri na kwa heshima. Ni mfanyabiashara wa Busia, mkubwa kwetu wote, mtu ambaye siku za mwanzo alikuwa anatangulia mbele akituuliza kama tumekula au tumebembelezwa. Tangu jana yake mchana alikuwa amenyamaza. Nesi alikuwa amemwuliza miguu inasemaje, akajibiwa "mzima kabisa, mwanangu." Alikuwa amevaa mabuti mapya, ya bei, aliyoyanunua kwa ajili ya safari.

Mkono wake ulipopanda, kumi mingine ilikuwa imeshapanda. Jiwekeni mahali pake. Nani atabaki na mkono mapajani katikati ya duara la watu, ili kuwaambia: simameni kwa ajili yangu?

## Kivuli

Ukielekea kaskazini asubuhi, jua linakuwa mkono wa kulia na kivuli chako kinakuangukia mkono wa kushoto. Hilo nililijua tangu shule ya msingi, kwa mwalimu aliyetusimamisha uwanjani na kijiti. Siku ya kura tulianza hivyo hivyo. Mlima Moroto nyuma yetu, mbele tambarare ya miiba na majani makavu ya rangi ya simba, na kila mmoja na kivuli chake kirefu kushoto.

Nikatembea nikitazama chini, kama mnavyojua mtu anavyotembea akiwa na kiu ambayo bado hajaruhusiwa kuikata. Mama alikuwa mbele yangu. Mwongozaji alikuwa amempanga yeye awe wa pili, nyuma yake tu. Sababu aliyotoa ni kwamba mkubwa hutangulia. Tukaona ni adabu.

Yapata saa tatu hivi niliinua macho nikaona kivuli changu kinanitangulia.

Sikuelewa mara moja. Nikafikiri labda njia imepinda kukwepa kichaka na itarudi. Nikangoja. Kivuli kikabaki pale pale, mbele ya viatu vyangu, kinanivuta. Nikageuka kuutafuta mlima: haukuwa tena mgongoni moja kwa moja, ulikuwa umesogea upande wa kushoto. Tulikuwa tunaelekea magharibi. Hakuna pembe kali iliyokatwa mahali popote. Alikuwa ametugeuza kidogo kidogo, kichaka hiki kwa kulia, kichaka kile kwa kushoto, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mwenyekiti alikuwa hatua chache nyuma yangu, anazungumza na fundi kuhusu bei ya saruji.

Nikanyamaza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli halina heshima kubwa. Niliona jinsi Mama anavyoukanyaga mguu wa kushoto kwa ubavu wa nje. Niliona pia chupa yangu. Nafuu niliyoipata pale sikumbuki kuipata kanisani.

## Mtoni

Mtu asiyejua mto wa mchanga hupita katikati yake akilalamika hakuna maji. Unaona kitanda kipana, cheupe, kikavu kama kilichotandikwa, na miti mikubwa kandokando ambayo ukiwa na akili utajiuliza inakunywa nini. Maji yako chini. Mvua ikinyesha milimani mto hutiririka kwa saa chache au siku chache, kisha unapotea. Yanayobaki hujificha kati ya chembe za mchanga, mahali jua haliwezi kuyafikia. Yanayokwenda zake hushuka magharibi hadi Teso, na ndiyo maana mara nyingine Karamoja inanyeshewa na Katakwi ndiyo inayofurika.

Tulikuta wanawake wamechimba. Shimo lenye kina cha kumzidi mtu, msichana mmoja yuko chini kabisa anachota kwa kibuyu, anampa wa juu yake, naye anampa wa ukingoni. Mbuzi walikuwa wanasubiri zamu yao kwa nidhamu nisiyoiona benki. Maji yalikuwa yanajikusanya polepole. Kibuyu kikijaa, msichana anangoja, anachota tena.

"Bahati iliyoje!" mwenyekiti alisema, akajitupa kivulini.

Mwongozaji hakusema lolote. Alikwenda kwa wanawake, akachuchumaa, wakazungumza muda mrefu. Tumbaku ikatoka mfukoni mwake, si mfukoni mwetu. Hilo nalo linanisumbua, kwa sababu maji tuliyokunywa pale yalikuwa na wenyewe waliokuwa wameyachimba kwa mikono tangu alfajiri, na sisi tulikuja kumi na watatu na punda wawili bila hodi. Katika daftari la mwenyekiti hakuna mahali palipoandikwa tumbaku.

Mama alivua mabuti. Nesi akatazama, akamwita mwenyekiti kando. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimechunika hadi pekundu, na kidole kikubwa kilikuwa na lengelenge lililokwisha kupasuka na kushikamana na soksi. Basi ikaamuliwa kwamba kwa kuwa tumeshafika hapa, na hali ya Mama ni hii, tulale. Mara hii hakuna aliyeomba mikono.

## Nyayo

Usiku, wengine walipolala, nilimfuata penye moto.

"Leo asubuhi kivuli changu kilikuwa mbele."

Akanitazama kwa muda. "Macho yako mazuri."

"Tulisema twende Kobebe."

"Mlipiga kura ya kwenda Kobebe," akasema. "Kesho mtafika Kobebe. Kura ya njia hamkupiga."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu yeye hakuwa anacheka.

Akanieleza kuhusu Mama. Jana yake alikuwa ametembea nyuma ya wote, jambo ambalo sisi tulidhani ni uvivu, ili asome nyayo zetu. Wa kushoto wa Mama ulianza kuburuta kisigino kabla ya adhuhuri. Hatua zikafupika. Huko kwao nyayo ni ushahidi: ng'ombe wakiibwa, wazee na askari hufuata kwato, na kwa azimio la Nabilatuk, boma ambamo nyayo zimeingia ndilo linalolipa, mara mbili ya walioibwa na mmoja wa kuongezea. Mtu aliyekulia katika sheria kama hiyo haangalii uso wako ukisema "mzima kabisa". Anaangalia chini.

"Ungetuambia," nikasema.

"Niliwaambia mto."

"Hukusema habari za mguu wake."

"Yeye mwenyewe hakuusema. Mimi nimtoe mbele ya watu?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Ninachoweza kusema ni kwamba aliilinda heshima ya Mama kwa kuichukua kura yetu, ya Mama ikiwemo, na kuiweka mfukoni palipotoka tumbaku.

Kesho yake tulifika Kobebe polepole, Mama akiwa juu ya punda kwa sehemu kubwa ya njia, jambo ambalo punda hakulipenda na Mama hakulipenda zaidi. Kiangazi bwawa lile huwa kama soko: Wamatheniko, Wajie, Waturkana, kila mmoja na ng'ombe wake, na vumbi juu ya wote. Wamatheniko na Waturkana walifanya mapatano yao Lokiriama mwaka 1973, wakafukia silaha ardhini, na mapatano hayo bado hukumbukwa, kuvunjwa na kutengenezwa upya. Nilipoona makundi yale yanashuka majini kwa zamu nilitaka kukaa siku nzima nitazame nani anapanga zamu. Dereva akapiga honi.

## Mstari uliopinda

Ningeliacha hapo. Wiki kadhaa baadaye nilikutana na kijana wetu wa kompyuta Mbale, tukaketi kwa chai na chapati. Akatoa simu anionyeshe picha. Katikati ya picha ikapita ramani yenye mstari mwekundu: njia yetu yote, tangu Rupa. Simu yake ilikuwa inairekodi hata pasipo mtandao.

Mstari ulipanda kaskazini vizuri, kisha siku ya kura ukaanza kulala upande wa kushoto.

Tukatazamana.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Kabla ya saa nne. Na wewe?"

"Saa tatu."

Akacheka hadi chai ikamwagika. Kumbe nesi alimwona akitazama simu, akamfinya asiseme. Kumbe fundi naye aliuona mlima umehama, akaendelea na habari za saruji ili mwenyekiti asigeuke. Sijawauliza wote, wala sitaki kuwauliza. Lakini ninaanza kuamini kwamba tulikuwa kundi la watu waliopiga kura moja alfajiri kwa mikono, na nyingine saa tatu kwa midomo, na ile ya pili haikutangazwa.

Hapo ndipo shaka yangu ilipogeuka. Nilikuwa nimejiandaa kuandika habari ya mtu mmoja aliyewadanganya wengi kwa faida yao. Sasa sijui nani alimdanganya nani. Kama wengi tulijua na kunyamaza, basi mwongozaji hakuipindua kura yetu. Alitupa namna ya kuikimbia bila yeyote kupoteza uso, na sisi tukaikimbilia.

Isipokuwa mwenyekiti. Yeye mpaka leo anaeleza watu kwamba umbali wa kwenda Kobebe huwa unapunguzwa makusudi na wenyeji ili wapate wageni.

## Wazee hawahesabu mikono

Katika kutafuta namna ya kulielewa jambo hili nilijiingiza kwenye akiriket, baraza la wazee wa Wakaramojong. Watu huketi nusu duara kwa mpangilio wa vizazi na rika; wakubwa wana mahali pao, wadogo pao, na nyama hugawanywa kwa kufuata mpangilio huo huo. Maneno huenda na kurudi hadi yapate pa kutua. Mikono haihesabiwi. Kwa siku chache nilivutiwa mno, nikaona hapa ndipo tulipokosea sisi watu wa kamati: tulihesabu vichwa mahali palipotakiwa kupima ujuzi.

Kisha nikaendelea kusoma, mvuto ukapungua. Madaraka katika mfumo ule hukaa kwa kizazi kimoja cha wazee, hadi wakubali kuyakabidhi kwa kizazi cha wana wao. Makabidhiano ya miaka ya 1950 yalifuatwa na kungoja kwa miongo, wana wakazeeka wakiwa bado wanahesabiwa vijana. Na katika nusu duara lile Mama asingekuwa na mahali pa kuketi kuamua. Kura yetu, pamoja na upofu wake wote, ilimpa mkono mmoja sawa na wa mwenyekiti. Kwamba aliutumia kujiumiza ni habari nyingine.

Au ndiyo habari yenyewe? Maana ukimpa mtu kura, kisha ukaitengua kwa sababu unajua kinachomfaa, hukumpa kitu.

Nimelizungusha hili kichwani pande zote. Ninapokuwa upande wa miguu ya Mama, mwongozaji ni bingwa. Ninapokuwa upande wa mkono wake, sipendi kilichotokea. Na ninapojikumbuka mimi mwenyewe nikitazama kivuli kinavyonivuta kwenda kwenye maji, najua kwamba siwezi kuwa hakimu wa kesi hii, kwa sababu nilikunywa.

## Busia

Nikaona kati ya wasiojua ni mmoja tu anayestahili kujua. Nikapanda matatu hadi Busia.

Nilimkuta Mama dukani, katikati ya magunia ya mchele, kisigino kimepona, kinywa kimerudi mahali pake. Nikamsimulia yote: kivuli, mstari, nyayo, kura ya njia. Nilitegemea acheke. Nilitegemea pia, nikubali, ashukuru.

Akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo mlijua."

"Baadhi yetu, mama."

"Mkanitembeza kama mbuzi."

"Mama, mguu wako…"

"Mguu wangu nilikuwa naujua mimi. Mwanangu, mimi nimevuka mpaka huu na mzigo kichwani wakati wewe hujazaliwa, nikiwa na mimba, nikiwa na malaria. Nilinyoosha mkono kwa sababu nilitaka kufika. Wewe umekaa miezi unafikiri niliona haya?"

Niliona haya mimi.

Maana hilo halikuwa limenipitia kabisa. Katika masimulizi yangu yote, pamoja na haya mliyosoma hapo juu, Mama alinyoosha mkono kwa kuogopa kuwachelewesha watu. Nani aliniambia hivyo? Nesi hakusema. Mwongozaji hakusema, yeye alisoma kisigino tu. Nimerudi juu nikafikiria kuifuta ile sehemu ya "jiwekeni mahali pake", nikaamua niiache ili muone jinsi inavyosomeka kwa urahisi.

Inawezekana asingefika. Nesi anaapa asingefika, kwa jua lile na maji yale, na mimi naamini nesi. Lakini Mama anasema angefika, na anataka kuthibitisha: Januari ijayo, njia iliyonyooka, bila kamati. Amenitaka nimpe namba ya mwongozaji. Anataka amwambie ana kwa ana kwamba mtu mzima huulizwa.

Nilimpigia mwongozaji kwanza, nisije nikamtupia mzigo bila kumwonya. Mtandao wa Rupa ulikuwa unakatikakatika, ikabidi nirudie kisa kizima kwa kelele nikiwa nimesimama nje ya duka, boda zikipita. Nilimwambia Mama amekasirika, kwamba anataka kuja, kwamba anataka njia ya moja kwa moja na safari hii asigeuzwe.

Alinyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Anakuja kweli?"

"Anakuja."

"Mwambie nitamwuliza," akasema. "Na mwambie yale mabuti ayaache Busia. Aje na lugabire, zile ndala za tairi."